Usikivu ni wa Sote

Lugha yetu ya Kiswahili hutofautisha kusikia na kusikiliza. Kusikia ni jambo la mwili: mlango umegongwa, mbwa amebweka, nasi tumesikia bila ya kutaka. Kusikiliza ni jambo la nia. Mtu hukusudia, akakaa, akatulia, akampa mwenziwe sehemu ya nafsi yake kwa muda. Wahenga walipotuonya kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, hawakumsema kiziwi. Walimkusudia yule ambaye sauti ilimfikia lakini hakuipa nafasi. Kwa sababu hiyo naamini kwamba namna taifa linavyosikiliza ni sehemu ya utamaduni wake, sawasawa na namna linavyoimba, linavyocheza ngoma na linavyotunga mashairi. Juu ya ngoma na nyimbo yamekwisha andikwa mengi. Juu ya usikilizaji yameandikwa machache.

Nimesukumwa kuandika makala haya na shughuli ndogo inayotayarishwa katika mtaa wetu wa Majengo, hapa mjini Moshi. Ninapoandika maneno haya zimebaki siku 4. Siku ya Jumamosi, baada ya sala ya Alasiri, watu 12 watakutana uwani mwa nyumba moja ya mtaa huu, kila mmoja akiwa amevaa hedifoni, ambazo wengine huziita spika za masikioni, nao watasikiliza kwa pamoja nyimbo za zamani za nchi yetu. Mpita njia atakayechungulia mlangoni ataona watu wameketi kimya kwenye mikeka na mabenchi, wengine wakitikisa vichwa, na hatasikia hata sauti ya zeze. Pengine atadhani tumerogwa.

Mwanzo wa jambo hili ni kijana mmoja, fundi wa simu na redio, mwenye kibanda karibu na soko la Mbuyuni. Yeye na wenzake watano wana mapenzi makubwa na hedifoni. Hukutana mara moja kwa mwezi, kila mtu akaleta alizonazo, wakabadilishana, wakapima ipi ina besi nzito, ipi ina sauti nyembamba iliyo safi, na ipi huchosha sikio baada ya saa moja. Jioni moja alinijia nyumbani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Karibu ukae."

"Mzee, sisi vyombo tunavyo, ila nyimbo hatuna. Nyimbo tunazopimia ni za watu tusiowajua, na maneno yake hatuyaelewi. Wewe ni mtunzi. Tuchagulie za kwetu."

Mimi ni karani wa masjala kwa kazi na mtunzi wa mashairi kwa mapenzi. Elimu yangu ya shule iliishia kidato cha 4, na umri wangu umepita miaka 55. Kuhusu mitambo sikuwa na ujuzi wowote. Lakini maneno ya kijana yule yalinigusa, kwa maana yalikuwa na kiu ndani yake. Nikakubali. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali moja: je, watu walioziba masikio yao, kila mmoja kwa chombo chake, wanaweza kuitwa mkutano?

Swali hili halikuwa langu peke yangu. Nilipompelekea habari mwalimu mmoja mstaafu, jirani yangu, alinitazama kwa huruma. "Bwana mkubwa," aliniambia, "mtu aliyeziba masikio ameliaga baraza. Ninyi mtakuwa abiria wa basi moja, na kila mtu ana safari yake." Sikuwa na jibu la haraka, nami nilimheshimu kwa kauli hiyo, kwa kuwa imejengwa juu ya historia ya kweli.

Yafaa tuitazame historia hiyo. Siti binti Saad na wenzake waliposafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zao, santuri zilizotokana na safari ile hazikununuliwa ili zisikilizwe faraghani. Kinanda cha santuri kilikuwa chombo cha baraza na mkahawa. Mmoja alikuwa nacho, na wengi walikusanyika. Shaaban Robert, aliyeandika wasifu wa Siti, aliona katika maisha ya mwanamke yule somo kwa jamii nzima. Kisha ikaja redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kusikika mwaka 1951, nayo baada ya mabadiliko kadhaa ikawa Radio Tanzania. Katika vijiji vingi redio ilikuwa moja, na mwenye redio hakuwa na haki ya kuifungia chumbani. Majirani walikuja na vigoda vyao.

Na zaidi ya hayo, nchi yetu iliwahi kuufanya usikilizaji wa pamoja kuwa chombo cha maendeleo. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya "Mtu ni Afya". Kwa muda wa wiki 12 wananchi walikutana katika vikundi, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasoma kijitabu kilichoandaliwa, wakajadiliana, kisha wakaazimia la kufanya kuhusu malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa, na watu wapatao milioni 2 walishiriki. Mama yangu alikuwa mmoja wa viongozi hao huko Kibosho. Nilikuwa mtoto mdogo, lakini nakumbuka matayarisho yake. Asubuhi ya siku ya kipindi betri zilianikwa juani ili zipate nguvu kidogo. Adhuhuri uwanja wa mbele ya nyumba, penye kivuli cha migomba, ulifagiwa. Redio iliwekwa juu ya kigoda kilichotandikwa kitambaa cha kufuma. Na kipindi kilipokwisha mama aliizima redio mara moja, hata kama muziki mtamu ulikuwa unafuata, akasema, "Haya, tumesikia. Sasa tuseme."

Maneno hayo mawili, kusikia na kusema, nimeyabeba hadi leo. Nitayarudia mbele.

Hedifoni nazo zina historia yake. Mwaka 1910 Nathaniel Baldwin, mtu wa Utah nchini Marekani, aliuza kwa jeshi la majini la nchi hiyo hedifoni alizozitengeneza mwenyewe. Zilikuwa chombo cha kazi: mpokea simu za upepo alipaswa kutambua ishara dhaifu katikati ya kelele za meli. Mwaka 1958 John Koss wa Milwaukee alitoa hedifoni za kusikilizia muziki wa stirio. Na mwaka 1979 kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuuza Walkman, kicheza kaseti kidogo cha kutembea nacho. Hapo ndipo muziki ulipotoka sebuleni ukaingia njiani, na msikilizaji akawa peke yake katikati ya umati. Leo, katika daladala yoyote itokayo Moshi kwenda Marangu au Machame, utaona nusu ya vijana wamejifunga waya masikioni. Mwalimu jirani yangu hakusema uongo.

Lakini kuna upande wa pili. Majengo ni mtaa wa watu wengi na sauti nyingi. Pikipiki hupita, mashine za kusaga huunguruma, kila duka lina spika yake mlangoni, na kila spika hushindana na jirani yake. Serikali imeweka kanuni za viwango vya kelele na mitetemo mwaka 2015, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, lakini kanuni peke yake haiwezi kumfunza mtu kupunguza sauti. Katika mazingira hayo wimbo wa zamani hauwezi kusikilizwa. Unasikika tu. Mdundo hufika, maneno hayafiki. Na nyimbo zetu za zamani, msomaji, ni nyimbo za maneno. Aghalabu mtunzi alianza na shairi lenye vina na mizani, kisha akalitafutia sauti. Ukiyakosa maneno, umeshika maganda na kuitupa ndizi.

Jambo hili nililithibitisha siku fundi aliponivalisha hedifoni kwa mara ya kwanza kibandani mwake. Alinipigia wimbo wa Salum Abdallah na Cuban Marimba wa Morogoro, wimbo niliodhani naujua tangu utotoni. Nilisikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya ubeti. Nilisikia kidole kikiteleza juu ya waya wa gitaa. Nilisikia neno moja ambalo kwa miaka yote nilikuwa nikiliimba vingine. Salum Abdallah alifariki mwaka 1965, kabla sijazaliwa, na sasa pumzi yake ilikuwa karibu nami kuliko pumzi ya fundi aliyesimama pembeni. Nilizivua, nikakaa kimya. Kijana akacheka. "Mzee," alisema, "sasa umeelewa kwa nini tunakutana."

Basi tuliingia katika matayarisho, nami nitayaeleza kwa kirefu kidogo, kwa kuwa ndani yake mna mafunzo.

La kwanza lilikuwa kuwawezesha watu 12 kusikiliza chombo kimoja kwa wakati mmoja. Vijana wengi siku hizi wana hedifoni zisizo na waya. Fundi alizikataa. Alinieleza kwamba sauti ipitayo hewani kwa njia ile huchelewa kidogo kabla ya kufika sikioni, na kila aina huchelewa kwa kiasi chake. Matokeo yake ni kwamba mmoja angesikia kibwagizo wakati mwenzake bado yumo katika mwisho wa ubeti. "Mzee, tutacheka kwa zamu," aliniambia. Ndiyo maana tumeamua kutumia waya. Amepata vikuza sauti vitatu, kila kimoja kina matundu manne. Kila tundu lina kirungu chake cha kuongeza na kupunguza sauti, na hilo ni la lazima, kwa sababu hedifoni hazilingani. Ziko zenye ukinzani wa omu 32, ambazo husikika kwa nguvu hata kwa simu. Ziko zenye omu 250, ambazo hunong'ona tu zisipopata nguvu ya kutosha. Ukiziunganisha zote katika waya mmoja bila mpango, huyu atapigiwa kelele na yule hatasikia kitu.

La pili lilikuwa usalama wa masikio. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sauti ya desibeli 80 isisikilizwe kwa zaidi ya saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu. Ndani ya sikio mna vinyweleo vidogo vinavyopokea sauti, navyo vikifa havioti tena. Vijana wa fundi hupenda besi, na besi ina tabia ya kumdanganya mtu aongeze tena na tena. Tumekubaliana kwamba kila kirungu kitawekwa alama ya rangi nyekundu, na hakuna atakayeivuka. Mmoja alinung'unika. Nikamwambia, "Mwanangu, masikio hayauzwi Mbuyuni."

La tatu lilikuwa aina za hedifoni zenyewe. Kuna zilizofungwa nyuma, zinazozuia kelele za nje, na kuna zilizo wazi nyuma, zinazopitisha hewa na sauti. Kwa mtaa kama wetu zilizofungwa ndizo zifaazo. Hata hivyo tumetenga mbili zilizo wazi kwa wale watakaoketi kando ya wazee, ili mzee akiita asikiwe. Kwa akina mama wanaovaa ushungi tumetayarisha zile ndogo ziingiazo sikioni, ambazo hazimlazimishi mtu kuvua mtandio. Zote zitapanguswa kwa pamba yenye spiriti kabla ya kubadilishana.

La nne lilikuwa santuri. Mama mmoja wa mtaani, muuza vitumbua, alituletea santuri tatu za kale zinazozunguka mara 78 kwa dakika, urithi wa baba yake. Hizi si sawa na santuri za miaka ya baadaye. Ni nzito, huvunjika kama sahani, na kila upande huchukua muda wa dakika 3 hivi. Mmoja wa vijana alitaka kuzisafisha kwa spiriti ile ile. Fundi alimshika mkono. Santuri za aina hiyo zilitengenezwa kwa utomvu unaoyeyuka katika spiriti, na pangusa moja ingefuta wimbo milele. Zilioshwa kwa maji safi yaliyochujwa na tone la sabuni, zikakaushwa kivulini. Sindano nayo ni lazima iwe pana kuliko ile ya santuri ndefu zilizoanza mwaka 1948, kwa kuwa mifereji yake ni mipana.

La tano lilikuwa kuchagua nyimbo, na hili ndilo lililonikalia usiku. Nilitaka kila wimbo uwe na sababu ya kusikilizwa kwa hedifoni. Nimemweka Siti binti Saad, ili tutafute maneno chini ya mikwaruzo. Nimemweka Frank Humplick, mtu wa hapa hapa Moshi, aliyeimba na dada zake Thecla na Maria Regina katika miaka ya 1950. Sauti zao tatu hupandana kwa namna ambayo spika ya duka haiwezi kuzitenganisha, na vijana wengi wa mji huu hawajapata kusikia hata jina lao. Nimemweka Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari huko Kenya mwezi Januari mwaka 1979, ili tufuate gitaa lake la solo hadi mwisho. Nimemweka Hukwe Zawose na malimba ya Wagogo, ambayo hutiwa utando wa buibui ili sauti itoe mvumo. Mvumo ule ni sehemu ya muziki, nao hupotea kabisa katika spika mbovu. Na nimemweka Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, kwa sababu sauti yake ina ukwaruzo unaopaswa kusikilizwa kwa karibu, kama mtu anayekusimulia siri.

Wimbo wa mwisho katika orodha una habari yake.

Yupo mzee mmoja katika mtaa wetu aliyepiga gitaa la kati katika bendi ya mji huu miaka ya 1970. Bendi yao haikupata umaarufu wa Nuta Jazz wala wa Morogoro Jazz. Walisafiri mara moja kwenda Dar es Salaam kurekodi katika studio ya Radio Tanzania, wimbo wao ukapigwa redioni kwa miezi michache, kisha ukanyamaza. Santuri hawakutoa. Kilichobaki ni kaseti moja, ambayo shemeji yake aliirekodi kutoka redioni. Watu waliopiga wimbo ule walikuwa 9, na sasa amebaki yeye. Ana umri wa miaka 79, na masikio yake yamefifia. Kama ilivyo kawaida ya uzee, zimetangulia kuondoka sauti nyembamba, nazo ndizo zibebazo herufi kama "s", "sh" na "f". Ukimwambia "shamba" anaweza kusikia "jamba" au asisikie kitu. Spika kwake ni mngurumo tu. Hedifoni iliyorekebishwa vizuri, sauti nyembamba zikaongezwa na nzito zikapunguzwa, huenda ikamrudishia kitu. Kila mwezi unaopita huenda huo unapungua.

Kaseti ilikuwa katika hali ya kutisha. Kisponji kinachobana utepe kilikuwa kimebanduka, na utepe ulikuwa umejikunja mahali pawili. Fundi aliuhamishia katika ganda jipya, akauzungusha kwa mkono kwa kalamu ya wino, taratibu, kwa muda wa nusu saa. Akasafisha kichwa cha mashine. Akajaribu mara tatu kwa kaseti nyingine isiyo na thamani. Kisha akaniambia kwamba utepe ule unaweza kuvumilia kupita mara moja, hakuahidi mara ya pili, na kwa hiyo wakati wa kupita huko ndipo utakaponakiliwa katika kompyuta. Tulifanya kazi hiyo usiku, saa 5, umeme ukiwa na utulivu, na betri ya akiba imewekwa kando. Kijana alivaa hedifoni yeye peke yake. Mimi nilimtazama uso. Dakika ya pili aliinua kidole gumba. Mahali penye mkunjo alifumba macho. Wimbo ulipokwisha alisema, "Upo, mzee. Una pengo la nusu sekunde, lakini upo. Na gitaa la kati lipo."

Asubuhi yake nilikwenda kumwarifu mwenyewe. Nilidhani angetaka kuusikia papo hapo. Kijana alikuwa nami, hedifoni mkononi.

"Shikamoo, babu," kijana alimwinamia na kupaza sauti. "Wimbo wenu tumeupata. Uvae usikie?"

Mzee aliigusa hedifoni, akaigeuza, akairudisha.

"Siku ya mkutano ni lini?"

"Jumamosi, babu."

"Basi nitasikia Jumamosi. Wimbo ule tuliupiga watu 9. Siwezi kuusikia peke yangu."

Tulitoka pale bila kusemezana hadi sokoni. Mimi niliona kwamba swali langu limepata mtu wa kulijibu. Yule ambaye chombo hiki kina faida kwake kuliko sisi sote, ambaye bila chombo hiki hatasikia kabisa, ndiye aliyekataa kukitumia peke yake. Hakuona kinyume chochote baina ya kuziba masikio na kukaa na watu. Kwake hedifoni ni kama kikombe: kila mmoja hunywa kwa kikombe chake, lakini buli la kahawa ni moja, na anayekunywa peke yake kahawa ya msiba au ya harusi hajanywa kahawa hiyo.

Kwa hiyo nilirudi kwa maneno ya mama yangu, nikayafanya kuwa kanuni ya mkutano wetu. Kila wimbo ukiisha, hedifoni zote zitavuliwa na kuwekwa mapajani. Hakuna wimbo utakaofuata kabla ya watu wasiopungua watatu kusema walichosikia. Kijana atasema, mzee atasema, mama atasema. Mmoja atakuwa amesikia besi, mwingine neno, mwingine kikohozi cha mpiga tarumbeta. Kusikia kwa namna hiyo ni kuchangia, kila mtu akileta alichookota. Mwalimu jirani yangu nilipomsomea kanuni hiyo alifikiri kwa muda, kisha akauliza kama nafasi bado ipo. Nikampa ya 12.

Mengine yamekamilika. Mwenyekiti wa mtaa ameandikiwa barua na ameridhia. Kahawa na kashata zimepata mtu wa kuzishughulikia. Adhana ya Magharibi itakapoita, mitambo itazimwa, wanaosali wataswali, kisha tutaendelea. Nami kama mtunzi nilipewa kazi ya kuandika kadi ya mwaliko. Niliandika ubeti mmoja tu:

Njooni Majengo kwetu, jioni ya Jumamosi,
Tusikize nyimbo zetu, tusikize kwa nafasi,
Wazee na wana wetu, waketi pasi utesi,
Sikio lako ni lako, usikivu ni wa sote.

Mwalimu Julius Nyerere, alipolihutubia Bunge tarehe 10 Desemba 1962 akiwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, alieleza kwamba utamaduni ndio roho ya taifa, akatangaza kuundwa kwa wizara ya kuushughulikia. Tangu wakati huo tumezoea kuutazama utamaduni kwa upande wa mtoaji: mcheza ngoma, mwimbaji, mchongaji, mtunzi. Nyimbo zimekusanywa, kanda zimehifadhiwa, na mwaka 1984 liliundwa Baraza la Sanaa la Taifa. Yote haya ni mema, tena ni ya kushukuriwa. Lakini wimbo uliohifadhiwa pasipo msikilizaji ni mbegu iliyohifadhiwa pasipo shamba. Haiozi, na haioti.

Natamani, basi, kwamba katika shule zetu, katika vyuo na katika kumbi za mitaa, pawe na saa ya kusikiliza. Hedifoni 12 si lazima. Redio moja yatosha, au simu moja katika bakuli la udongo. Kinacholazimika ni kukusudia, kukaa, kunyamaza wimbo ukipita, na kunena unapokwisha. Vijana wetu hawakosi masikio, wala hawakosi mapenzi. Yule fundi wa Mbuyuni alikuja kwangu mwenyewe, bila kuitwa, akasema hana nyimbo. Ni wangapi walio kama yeye ambao hawajui mlango wa kubisha?

Na sisi tulio na nyimbo, katika makabati, katika visanduku vilivyo chini ya vitanda, na katika vichwa vyetu vinavyozidi kusahau, tusingoje kubishiwa. Mikunjo ya utepe haiponi yenyewe.